Fuata Maji ya Pangani: Mwongozo wa Kuifikia Nchi ya Volkano kwa Mtu wa Tanga

Mkoa wa Tanga hauna volkano. Nalisema mapema kwa sababu nimewasikia watu wazima, wenye heshima zao, wakimwambia mgeni kwamba Mapango ya Amboni yalichimbwa na moto wa ardhini, au kwamba Usambara ni volkano iliyolala. Sivyo. Lakini maji yanayozungusha mitambo ya umeme pale Hale, kisha yakaenda kumwagika baharini Pangani mjini, sehemu yake kubwa imeteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, milima miwili iliyojengwa na volkano tabaka juu ya tabaka. Ukiufuata mto huo kwenda juu, unaondoka kwenye nchi ya chokaa, unapita chini ya milima ya mawe ya kale kabisa, halafu unaingia kwenye nchi iliyozaliwa na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayomwagwa na volkano. Kwa mtu wa Tanga sioni darasa lililo bora kuliko hilo, na wala si lazima upande Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro.

Ninayoyaeleza hapa yanamtosha mwenye siku nne au tano, viatu imara na nauli ya basi.

Hatua ya kwanza: yajue mawe ya nyumbani kabla hujasafiri

Watu wengi huiruka hatua hii, wakifika Moshi wanaona mawe meusi tu na hayawaambii kitu. Anza Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji. Mawe ya mapango yale ni chokaa iliyojilundika chini ya bahari, miaka takriban milioni 150 iliyopita, wakati dinosaria bado wanatembea. Maji ya mvua yenye asidi kidogo yakapenya kwenye nyufa, yakaiyeyusha chokaa polepole, mashimo yakapanuka yakawa vyumba na vichochoro. Kuna simulizi la miaka mingi kwamba ukiingia mle unaweza kutokea Mombasa, na wengine wanasema unafika hadi Kilimanjaro. Msikilize mwongozaji akikusimulia, maana simulizi hilo ni sehemu ya pango, ila kumbuka kwamba wakati jiwe la Amboni linaundwa Kilimanjaro hakikuwepo kabisa. Volkano za kwanza za mlima ule zilianza kulipuka kama miaka milioni 2.5 iliyopita.

Jaribio la kufanya nyumbani: tafuta kipande cha jiwe la chokaa kwenye rundo la kokoto za ujenzi, au kipande cha jiwe la matumbawe kilichodondoka kwenye ukuta wa nyumba ya kale iliyobomoka. Kikwangue kwa msumari upate unga kidogo, kisha udondoshee siki. Utaona povu dogo linachemka. Ni gesi inayotoka chokaa inapokutana na asidi. Jiwe la volkano halifanyi hivyo. Jaribio hili lifanyie nyumbani. Pangoni usikwangue wala usivunje kitu, ile ni mali ya kale inayolindwa, na zaidi ya hapo baadhi ya vyumba ni mahali pa watu kuomba na kuweka nadhiri zao.

Ukiwa Amboni pita na kwenye maji moto ya Galanos, yale yanayonuka kiberiti. Hapa ndipo watu wanapoteleza: maji yakiwa ya moto na yananuka, basi chini kuna volkano. Si lazima. Ukichimba kwenda chini popote pale duniani joto huongezeka, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Maji yakizama kwenye ufa mrefu yatapata moto, na yakipata njia ya kurudi juu haraka yatatoka bado yana joto. Harufu hutokana na gesi yenye salfa iliyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo chemchemi ya moto ni dokezo tu. Ushahidi wa volkano unautafuta kwenye jiwe.

Jiwe la Usambara nalo lijue. Ukienda Amani kupitia Muheza, au Lushoto kupitia Mombo, angalia ukuta wa mlima pale barabara ilipochongwa. Utaona mistari ya rangi nyeupe, kijivu na nyeusi, mara imenyooka mara imepinda, na vipande vya madini ya ulanga vinavyometameta juani. Hiyo ni miamba iliyopikwa na kukandamizwa ndani sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa pale ardhi ilipopasuka. Jabali lile lililosimama wima juu ya Mombo ni ukingo wa mpasuko huo. Hakuna moto uliomwagika hapo.

Hatua ya pili: chagua majira, fungasha vitu

Miezi ya Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, ndiyo mizuri. Masika epuka. Miteremko ya volkano ina udongo mwingi laini uliotokana na jivu, na ukilowa kupita kiasi hukatika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, ambao nao ni volkano ya zamani, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ukisikia mvua kubwa imenyesha mfululizo huko uendako, ahirisha.

Fungasha sweta zito hata kama hujawahi kulivaa Tanga, koti la mvua, kofia, chupa ya maji ya lita moja na nusu au zaidi, daftari, sumaku ndogo na kioo cha kukuzia. Chupa ndogo ya siki nayo ibebe. Usisahau kitambulisho cha NIDA: kwenye hifadhi za taifa Mtanzania hulipa kiingilio chake kwa shilingi, chini sana ya anacholipa mgeni, lakini lazima uthibitishe kuwa ni raia. Malipo getini hufanyika kwa namba ya malipo, kwa simu au kadi, basi weka fedha kwenye simu kabla ya kuondoka mjini.

Hatua ya tatu: basi la alfajiri, kiti cha kulia

Panda basi la Moshi au Arusha linaloondoka alfajiri, na ukikata tiketi omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Jua la asubuhi litakupiga, ni kweli, lakini milima yote iko upande huo. Muheza nunua machungwa. Hale ukiuona mto, mtazame vizuri, maana ndio utakaokuwa unaufuata siku nzima. Maporomoko ya eneo hili yamewekewa vituo viwili vya umeme: cha Hale chenyewe, megawati 21, na kile cha New Pangani Falls kilicho chini yake, megawati 68. Kiasi fulani cha maji hayo kimetoka Usambara na Pare kupitia mito midogo kama Luengera na Mkomazi, lakini shina la mto linatoka mbali zaidi.

Kutoka Korogwe hadi Mombo, Mazinde, Hedaru, Makanya na Same, mandhari ni ya aina moja: ukuta mrefu wa milima kulia, mbuga kavu kushoto. Angalia umbo la milima hiyo kwa makini, kwanza Usambara kisha Pare. Ni mirefu kama ukuta, ina mgongo ulionyooka, na upande wake umekatika ghafla. Hilo ndilo umbo la mlima ulioinuliwa na mpasuko. Liweke kichwani. Ukivuka Mwanga, upande wa kushoto kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, inakutana na kuwa Pangani.

Baada ya hapo, kama mawingu yatakuhurumia, Kilimanjaro kitajitokeza mbele yako, na umbo lake ni jingine kabisa. Kimekaa peke yake kwenye tambarare, mviringo, mteremko wa taratibu pande zote. Mlima wa namna hiyo umejengwa kutoka katikati kwenda nje. Vilele vyake vitatu vilikuwa volkano tatu: Shira ndiyo kongwe, imechakaa na kuwa uwanda; Mawenzi, mita 5,149, imeliwa na mmomonyoko mpaka imebaki mifupa; na Kibo, mita 5,895, ndiyo changa. Juu ya Kibo, ndani ya Kreta ya Reusch (kreta ni shimo la mdomo wa volkano), bado kuna matundu yanayotoa gesi yenye harufu ya salfa. Imelala, haijafa.

Hatua ya nne: shuka Himo

Watu huenda moja kwa moja Moshi mjini. Mimi nashauri ushuke Himo, upate gesti ya kawaida hapo. Ni njia panda: barabara moja inapanda Marangu, nyingine inakwenda Holili mpakani, na kote uendako ni nchi ya volkano.

Kitu cha kwanza ni udongo. Tangu Same umekuwa ukiona mchanga mkavu wa kijivu na mwekundu wenye vipande vyeupe vya kwatzi. Hapa udongo unageuka kuwa wa kahawia iliyoiva, mzito, usio na vipande vyeupe, na migomba inaanza. Tafuta mahali barabara au mfereji ulipochonga ukingo, usimame uangalie kama dakika kumi. Utaona matabaka: moja la udongo laini, chini yake moja la kokoto ndogo nyeusi zenye matundu, chini yake tena jingine la unga ulioshikamana. Kila tabaka la kokoto na unga ni mlipuko au milipuko ya kipindi kimoja. Tabaka la udongo laini katikati ni miaka ambayo mlima ulitulia, mimea ikaota, ikaoza, kisha ukalipuka tena juu yake. Okota kokoto moja iliyodondoka. Ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Yale matundu ni mapovu ya gesi iliyokuwa ikitoka wakati lava inaganda, kama mapovu unayoyakuta ndani ya mkate wa kumimina. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona ndani ya kila tundu kuta zake ni laini, zinang'aa kidogo. Sasa okota jiwe jeusi zito lisilo na matundu, hilo ni basalti, ulikaribishe sumaku. Mara nyingi sumaku itavutwa, maana ndani yake mna punje za madini ya chuma. Lidondoshee siki: kimya.

Vilima vidogo vya mviringo utakavyoviona kuelekea Holili na Rombo ni watoto wa Kilimanjaro. Lava ilipopata njia ya pembeni ilitoboa mteremko na kujenga kilima chake. Mlima huu una vilima vya namna hiyo zaidi ya 250. Holili hasa huchimbwa pozolana, mawe na jivu la volkano linalosagwa na kuchanganywa kwenye saruji. Machimbo ni mahali pazuri sana pa kuona tumbo la kilima, lakini ni kazini kwa watu. Usiingie tu na simu mkononi. Salimia, eleza umetoka Tanga umekuja kuona mawe, omba ruhusa, na usisimame chini ya ukuta uliochimbwa kwa ndani. Vivyo hivyo kwenye migomba: kila kipande ni kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani kwake. Ukimkuta mzee, "Shikamoo baba, naomba kupita nione korongo" inatosha kabisa, na mara nyingi atakupeleka mwenyewe.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, nenda Ziwa Chala. Panda gari la Holili, kisha kodi teksi au bodaboda ya kwenda na kurudi. Patana kabisa kwamba dereva atakusubiri, maana ziwani usafiri wa kurudi si wa uhakika. Unatembea kwenye nchi kavu yenye miiba, hujui kama kuna ziwa, mpaka unafika ukingoni na ardhi inaishia miguuni pako. Chini kabisa kuna maji ya buluu na kijani, yamezungukwa na ukuta wa mawe pande zote. Hii ni kreta iliyojaa maji, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji mengi huja chini kwa chini kutoka kwenye misitu ya Kilimanjaro, na kina chake kinazidi mita 90. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba tope la chini ya ziwa hili na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000, tabaka baada ya tabaka, pamoja na jivu la milipuko iliyopita.

Usiogelee Chala. Mamba wamewahi kuua humo, na kuta zake ni mawe yaliyolegea ambayo hayafai kushikwa. Kaa juu ya ukingo, mita kadhaa ndani, uangalie.

Hatua ya tano: Marangu

Magari madogo kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni hayakauki. Nenda kwenye maporomoko ya Kinukamori, ni mwendo mfupi kutoka hapo, ulipe kiingilio kidogo. Usiangalie maji peke yake, angalia ukuta nyuma ya maji. Kwenye volkano ya aina hii maporomoko mengi hutokea mahali lava ngumu ilipofunika jivu laini: maji hula tabaka la chini, la juu linabaki limening'inia, siku moja linakatika, na maporomoko yanarudi nyuma hatua moja.

Mwenye pumzi na fedha kidogo zaidi afanye matembezi ya siku moja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720. Lazima uwe na mwongozaji. Anza asubuhi na mapema. Kupanda huchukua muda wa saa tatu hadi nne ndani ya msitu, kisha dakika chache zaidi unafika Kreta ya Maundi, kilima cha mtoto wa volkano ambacho unaweza kuuzunguka ukingo wake kwa miguu. Sisi tuliozoea usawa wa bahari twende polepole kweli kweli. Kichwa kikiuma na tumbo likachafuka, mwambie mwongozaji na mshuke, usijikaze.

Hatua ya sita: maji yanapotokea

Mvua kubwa ya Kilimanjaro hunyesha kwenye ukanda wa msitu. Lava iliyopasuka na kokoto zenye matundu huyanywa maji hayo, yakasafiri chini kwa chini kwa miaka, yakaibuka bondeni kama chemchemi. Wachaga waliijua nguvu ya maji haya tangu zamani wakachimba mifongo, mifereji inayoyapeleka kwenye migomba na mashamba.

Mahali pazuri pa kuyaona yakitoka ni Chemka, wilaya ya Hai. Shuka Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Moshi na Arusha, kisha chukua bodaboda kwa njia ya vumbi. Wenyeji hupaita Maji Moto, ingawa maji yenyewe ni ya uvuguvugu tu, maangavu hata mizizi ya mitini unaihesabu chini. Pale unaruhusiwa kuogelea. Maji hayo yanaingia Kikuletwa, yanakwenda Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unajua yanakoelekea.

Usiyanywe. Miamba ya volkano ya huku, na hasa ya upande wa Meru, huachia floridi nyingi kwenye maji. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya eneo hili hupita hapo. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia baadhi ya vijiji vya Arusha yametokana na hilo. Kuchemsha hakuondoi floridi, badala yake huizidisha kwa kuwa maji hupungua. Nunua maji ya chupa.

Hatua ya saba: kama siku zimebaki

Daladala za Arusha zitakushusha Tengeru, na kutoka hapo Ziwa Duluti ni karibu. Ni kreta ndogo yenye ziwa, imezungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya miguu inalizunguka ziwa lote. Kwa anayesafiri na wazazi au watoto ndipo mahali nitakapompeleka kwanza.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha inataka gari na siku nzima. Kreta ya Ngurdoto unaiona ukiwa ukingoni, huruhusiwi kushuka ndani. Lakini jambo kubwa ni Meru yenyewe. Ukiwa upande wa Momella utaona mlima umefumuka upande wa mashariki: ubavu mzima uliporomoka zamani, ukamwaga mawe na tope tambarare yote, na mabonde yaliyobaki kati ya vilima vya vifusi yakajaa maji yakawa maziwa ya Momella. Ndani ya ule uwazi kikaota kilima kipya cha jivu. Mlipuko mdogo wa mwisho ulikuwa mwaka 1910. Kutembea kwa miguu humo ni lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo.

Ngorongoro, ambako volkano kubwa ilibomoka ikatumbukia kwenye tumbo lake na kuacha shimo lenye sakafu ya kilomita za mraba karibu 260, ifanyie safari yake. Ol Doinyo Lengai pia. Hiyo ndiyo volkano pekee duniani ijulikanayo kutoa lava ya magadi katika zama zetu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na ndani ya siku chache hugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Huko usiende kabla hujazoea miteremko midogo, na usiende bila mwongozaji wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima huo, anayejua hali ya kreta wiki ile. Kupanda huanza usiku wa manane ili ushuke kabla jua halijawa kali, kwa hiyo tochi ya kichwani iwe na betri za akiba.